Risiti Hii Ni ya Lini? Mhadhara juu ya tarehe na saa katika programu za Python



Naomba tuanze na maandishi haya: 03/04/2024 08:15:00. Yamechapwa kwenye risiti ya duka la vitenge. Kwa yeyote aliyesoma shule Tanzania, hiyo ni Aprili 3 mwaka 2024, siku ya Jumatano, saa mbili na robo asubuhi. Hakuna wa kubishana naye hapo. Sasa ichukueni risiti hiyo muiingize kwenye programu ya Python kwa kutumia maktaba ya dateutil, ambayo vijana wengi huipenda kwa sababu inasoma karibu kila namna ya tarehe bila kuelekezwa. Itawajibu kwamba mauzo yalifanyika Machi 4. Wamarekani huanza na mwezi kabla ya siku, na maktaba hiyo, usipoiambia lolote, hufuata desturi ya Marekani. Haitatoa onyo lolote. Itakupa jibu safi, lililonyooka, lenye makosa.

Ingekuwa inakosea kila siku, tungeigundua siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba hukosea nusunusu. Ukiipa 13/04/2024 inaona kwamba hakuna mwezi wa 13, basi inageuza mpangilio yenyewe na kusoma sawasawa: Aprili 13. Kwa hiyo risiti za kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi zinakaa mahali pake, na za tarehe 1 hadi 12 zinatawanyika kwenye miezi mingine, isipokuwa pale namba ya siku inapolingana na ya mwezi. Katika mwaka mzima siku 132 zinahamishwa. Zilizobaki zinasalimika, na hizo zilizosalimika ndizo zinazoficha zilizohama.

Tena angalieni jambo hili, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Aprili 3 inapogeuzwa kuwa Machi 4, ile ya Machi 4 nayo inageuzwa kuwa Aprili 3. Zinabadilishana viti. Hakuna risiti inayotoka nje ya mwaka, na hakuna inayopotea. Mhasibu akijumlisha mauzo ya mwaka mzima atapata hesabu ileile mpaka shilingi ya mwisho. Akihesabu idadi ya risiti, itatimia. Atafunga faili akiwa ameridhika. Lakini ritani ya VAT haisubiri mwaka. Inapelekwa kila mwezi, si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kila mwezi katika programu hiyo umebeba mauzo ya miezi mingine. Duka lililouza sana kabla ya Idi litaonekana liliuza sana mwezi ambao barabara ilikuwa tupu.

Dalili moja inaweza kuwaokoa mapema. Risiti ya tarehe 12/03/2024, ikisomwa kwa mtindo huo, inakuwa ya Desemba 3, 2024. Kama mnaangalia kumbukumbu hizo mwezi Mei, mtakuta mauzo ya miezi ambayo haijafika. Kwa hiyo kila programu ya duka iwe na swali hili dogo: je, kuna mauzo ya kesho? Yakionekana, simamisheni kazi yote mtafute chanzo.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Python ina amri ya strptime, na kazi yake ni kukudai useme wazi umbo la maandishi unayoyasoma: siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kisha saa, dakika na sekunde. Kwa alama zake unaandika %d/%m/%Y %H:%M:%S. Maandishi yakija kwa umbo jingine inakataa na kutoa hitilafu. Vijana wengi huuona ukali huu kama usumbufu na kurudi kwenye maktaba inayokisia. Mimi nasema ukali huo ni heshima kwa mwenye duka. Wale wanaotumia pandas wajue kwamba tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023, maktaba hiyo nayo iliacha kukisia mstari kwa mstari: inachukua umbo la mstari wa kwanza na kulishikilia hadi mwisho, na likishindikana inalalamika. Waliobaki na matoleo ya zamani bado wako kwenye kubahatisha. Waandike dayfirst=True au, bora zaidi, wataje umbo zima.

Kwa nini nalisema hili hapa Kariakoo, na kwa sauti hii? Mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na toka hapo uhusiano wa mfanyabiashara na ofisi ya kodi umepita kwenye kikaratasi chenye tarehe na saa. Mei 2023 maduka ya eneo hili yalifungwa kwa mgomo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja viwanja vya Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 yakafungwa tena. Sitaingia kwenye nani alikuwa na haki katika lipi. Ninachojua ni kwamba mtu anayebishana na ofisi yoyote anahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ambayo tarehe zake zimechezewa na programu ni shahidi anayemgeuka aliyemwita. Hata saa ina kazi yake kwenye karatasi ile. Anayehakiki risiti kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, huandika namba ya uhakiki, kisha huulizwa saa iliyochapwa kwenye risiti. Ukiihifadhi saa hiyo bila sekunde, au ukaisogeza kwa kuibadilisha vibaya, una risiti halali usiyoweza kuionyesha kuwa halali.

Hiyo ni saa ya mashine. Sasa tuje kwenye saa ya watu.

Ingieni stoo yoyote kati ya Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Sikukuu, mfungue daftari la mizigo. Mtasoma: mzigo umeingia saa 2:15 asubuhi, kirikuu imetoka saa 9 mchana, mlinzi amepokea funguo saa 12 jioni. Simu ya karani huyohuyo ina ujumbe wa malipo wa asubuhi hiyohiyo, na ujumbe unasema 08:15. Karani haoni mgongano wowote, kwa sababu ameishi na hesabu mbili tangu utotoni na anajua kila moja inatumika wapi. Programu haijui. Ukiipa 2:15 inaandika saa nane na robo za usiku, na mzigo wa asubuhi unakuwa umeingia usiku wa manane, wakati stoo imefungwa na mlinzi amelala. Nani ataeleza?

Nimeona programu kadhaa zikitatua hili kwa kuongeza sita. Ni mwanzo mzuri lakini haufiki mbali. Saa 2 asubuhi ongeza sita unapata 8, sawa. Saa 9 mchana unapata 15, sawa. Saa 2 usiku huongezi sita, unaongeza kumi na nane, unapata 20. Saa 8 usiku ukiongeza kumi na nane unapata 26, unatoa 24, inabaki 2. Hadi hapo hesabu inakwenda. Inavunjika pembezoni. Saa 12 asubuhi ni 6, na saa 12 jioni ni 18: namba moja, majibu mawili, na neno linalofuata ndilo linaloamua. Saa 11 jioni ni 17, ila watu husema pia saa 11 asubuhi, wengine saa 11 alfajiri, na hiyo ni 5. Saa 1 jioni na saa 1 usiku zote ni 19. Ushauri wangu ni kwamba msiandike kanuni ya kuongeza na kutoa. Andikeni jedwali: kila saa na kila kipindi, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, na jibu lake. Halizidi mistari sitini, na mingi ya hiyo mtaiacha wazi kwa sababu hakuna anayesema saa 3 alfajiri. Mahali palipo wazi, programu ikatae. Karani akiandika saa 11 peke yake bila kipindi, programu imuulize ni ya alfajiri au ya jioni. Swali la sekunde mbili kwa karani ni bora kuliko kosa la saa kumi na mbili kwenye hesabu.

Yapo na maandishi ya mseto. Kampuni inatafsiri ujumbe wake kwa Kiswahili, inaandika saa 8:15 PM. Hapo neno saa lipo, lakini PM inatuambia kwamba hesabu ni ya kimataifa. Sheria ninayoifuata ni hii: kukiwa na AM au PM, au saa ikizidi 12, hesabu ni ya mashine, kukiwa na neno la kipindi kwa Kiswahili, hesabu ni ya watu, kukiwa hakuna hili wala lile, uliza.

Sheria hiyo ina adui mmoja, na ni sisi wenyewe. Simu na programu nyingi huchukua maneno ya lugha kutoka hazina ya data iitwayo CLDR. Kwa Kiswahili hazina hiyo ina alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, imefanya vizuri. Lakini namba ya saa inabaki ileile ya kimataifa. Programu ikiambiwa iandike 20:15 kwa Kiswahili pamoja na kipindi, inaweza kuandika 8:15 usiku. Msomaji yeyote wa Dar es Salaam atasoma saa nane na robo usiku, yaani 02:15. Mteja aliyeahidiwa mzigo wake muda huo atafika saa sita baadaye, na atakuwa amesoma sawasawa. Hili linaniuma kwa sababu maneno ni yetu, yamepangwa kwa usanifu, na bado yanampoteza mwenyewe. Kama mnaonyesha saa kwa Kiswahili, badilisheni na namba. Kama hamwezi, andikeni 20:15 peke yake bila kipindi. Watu wanaielewa.

Kuna na mpaka wa siku. Mtu akisema Jumamosi saa nane usiku, anamaanisha usiku upi? Kwa kalenda ya kompyuta, 02:00 ya Jumamosi ni ule usiku ulioanza Ijumaa. Kwa wauzaji wengi ni usiku uliofuata baada ya Jumamosi mchana, ambao kompyuta inauita Jumapili. Na mzee wa Kiislamu wa Gerezani anapotaja usiku wa Ijumaa, kwake siku imeanza magharibi, kwa hiyo anasema juu ya usiku ambao wengine wanauita wa Alhamisi. Magazeti yetu na polisi walishapata njia zamani: usiku wa kuamkia Jumapili. Maneno hayo yanafunga mlango wote, hayaachi pa kuteleza. Programu ya duka ingeweza kuyatumia vilevile: muuzaji akichagua saa kati ya saa sita usiku na alfajiri, skrini imwonyeshe usiku wa kuamkia siku fulani, athibitishe.

Zamani mngeniambia kwamba usiku hakuna biashara. Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo. Saa zilizokuwa za walinzi sasa zinaweza kuwa na mauzo, na hapo ndipo seva inapoingia.

Duka liko Mtaa wa Aggrey, ila programu yake huenda inakaa kwenye seva iliyo Ireland au Afrika Kusini, na seva hizo kwa kawaida huwekwa kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima, bila kubadilisha saa kwa majira. Uthabiti huo ni neema, lakini umetuzoeza uvivu: tunaandika datetime.now() na kusahau kuuliza ni sasa ya wapi. Simu inauzwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Julai 1. Kwenye seva ni 23:30 ya Juni 30. Mauzo yamehama siku na yamehama mwezi wa VAT, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, yamehama na mwaka wa fedha. Kila kinachouzwa kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kinakumbwa na hili, kila siku. Programu iliyofanya kazi miaka mitano bila lawama inaanza kukosea siku duka linapoanza kukesha, na hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa msimbo wake.

Python inatofautisha tarehe isiyojua iko wapi duniani na ile inayojua. Ya kwanza ni namba tupu. Ya pili imebeba ukanda wake wa saa. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, lugha yenyewe imekuja na moduli ya zoneinfo. Unaandika ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam") na kazi imekwisha. Ile amri ya utcnow, inayotoa saa ya UTC bila kuibandika jina lake, imewekwa kwenye orodha ya kuachwa tangu toleo la 3.12. Kwenye kompyuta iliyo Dar es Salaam, ukichukua jibu lake ukaliomba sekunde zake, unakosea saa tatu kamili. Iacheni.

Kuna mtego mwingine ambao kila mtu wa hapa hukutana nao mara moja. Maandishi yanaishia na EAT, saa za Afrika Mashariki, na kijana anaweka %Z kwenye strptime. Kwenye kompyuta yake iliyopangwa kwa saa za hapa, inakubali. Anapeleka kwenye seva, inakataa. Sababu ni kwamba %Z hutambua UTC, GMT na majina ya ukanda wa kompyuta husika tu. Na hata inapokubali, tarehe inayotoka haina ukanda wowote. Jina limesomwa na kutupwa. Ondoeni EAT kwenye maandishi wenyewe, kisha bandikeni ukanda kwa mkono.

Wenye programu za zamani zinazotumia maktaba ya pytz wana kosa lenye sura yake, na ukilijua hulisahau. Wakiubandika ukanda moja kwa moja ndani ya datetime badala ya kutumia localize, ile 08:15 inatoka ikiwa +02:27 badala ya +03:00. Dakika thelathini na tatu zimetoweka. Watu huhangaika wakidhani ni saa ya seva. Dakika hizo ni historia. Kabla ya ukanda wa pamoja, kila mji ulikuwa na saa ya jua lake. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Kila nyuzi ni dakika nne za saa, kwa hiyo saa ya mji huu ilikuwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich. Nairobi, iliyo magharibi zaidi, ilikuwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Hazina ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi duniani huitumia imeliunganisha jina la Dar es Salaam na Nairobi, kwa kuwa tangu 1970 saa zetu hazijatofautiana. Kwa hiyo pytz ikiteleza inatupa saa ya jua la Nairobi ya enzi za treni ya kwanza.

Hazina hiyo ina pia kumbukumbu ya Dar es Salaam yenyewe, imewekwa kwenye faili la kando: saa ya jua hadi 1931, kisha saa tatu kamili, kisha kuanzia 1948 saa mbili na dakika arobaini na tano, na kuanzia 1961 saa tatu tena. Kwa muuza simu hayo hayana kazi. Kwa anayeingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za bandari au za hali ya hewa za miaka ya 1950, robo saa ile ni kitu halisi, na akitumia zoneinfo kama inavyokuja atapata historia ya Nairobi badala ya ya hapa. Mtu huyo pia ajihadhari na mwaka wa tarakimu mbili: Python husoma 69 hadi 99 kama karne iliyopita na 00 hadi 68 kama karne hii, hivyo 12/05/58 inakuwa Mei 2058.

Jambo la mwisho la kiufundi ni fupi. Ujumbe wa malipo ukitolewa kwenye hifadhidata ya simu ya Android huja na wakati wa namba ndefu, tarakimu 13. Hizo ni milisekunde tangu mwanzo wa 1970. Sekunde kwa sasa zina tarakimu 10: risiti yetu ya Aprili 3 ni 1712121300. Gawanyeni kwa elfu kabla ya kuiita fromtimestamp, la sivyo Python itakataa, kwa sababu mwaka unaotoka unapita 56,000 na kalenda yake inaishia 9999.

Kwa hiyo nikiulizwa mwenye duka ahifadhi nini, nasema vitu vitatu kwa kila muamala, na nafasi havili. Ahifadhi maandishi ya asili kama yalivyokuja, herufi kwa herufi, hata kama ni saa 2:15 asubuhi. Ahifadhi wakati uliobadilishwa kuwa UTC pamoja na jina la ukanda. Na ahifadhi siku ya biashara, kama kitu cha peke yake, isiyokokotolewa upya kila ripoti inapotolewa. Hii ya tatu watengeneza programu wengi huiruka, wakidhani inatokana na ya pili. Haitokani. Duka linalokesha lina siku yake ya hesabu, na mashine ya EFD ina ripoti yake ya Z ya kila siku; kaeni na mwenye duka na mhasibu wake, mpatane siku inafungwa saa ngapi, kisha muiandike kwenye msimbo kwa maneno ambayo wote watatu wanayasoma. Maandishi ya asili yakiwepo, makosa yote niliyoyataja leo yanaweza kurekebishwa hata baada ya miaka. Yakiwa yametupwa, risiti ya 03/04 haina wa kuisemea.